Koo Lipi? Neno Moja Katika Faili la Mgonjwa

Barua ya rufaa ya mzee yule ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika kwa jasho la mfuko wa shati. Mganga wa zahanati moja ya wilaya ya Bahi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo sisi wa kumbukumbu hulishukuru kama mvua ya Desemba: "Anashindwa kumeza kwa miezi minne. Amekonda. Nashuku kansa ya koo. Naomba uchunguzi zaidi." Sikuona, na hadi leo sioni, kosa lolote katika barua hiyo; ni barua ya mtu aliyemsikiliza mgonjwa wake. Lakini maneno yale matatu, kansa ya koo, yalimpeleka mzee mahali pasipokuwa pake. Wodini hayakumdhuru, kwa kuwa madaktari walimwona na kumpima ipasavyo. Yalimpoteza ndani ya kompyuta yetu, ambako kwa wiki saba alihesabiwa miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya koromeo, ilhali koromeo lake lilikuwa zima kabisa.

Nafanya kazi ya kumbukumbu za afya katika hospitali moja hapa Dodoma. Watu wanaotuona dirishani hudhani kazi yetu ni kutafuta mafaili na kuyarudisha kwenye rafu, na ni kweli kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi muda wangu mwingi huishia katika kuweka misimbo: nasoma maelezo ya daktari, majibu ya vipimo na muhtasari wa kumruhusu mgonjwa, kisha naugeuza ugonjwa kuwa herufi moja na tarakimu mbili au tatu, kwa kufuata Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10. Vijana wa ofisini huiita misimbo hiyo "kodi", na siku ya kwanza mfanyakazi mmoja mpya aliposikia kwamba mgonjwa wa kitanda namba 6 hana kodi, aliuliza kwa huruma kama ndugu zake wameshindwa kabisa kumchangia.

Uainishaji huo una umri mkubwa kuliko hospitali nyingi za nchi hii. Chimbuko lake ni orodha ya visababishi vya vifo ambayo Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Toleo la 10 liliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990, na nchi wanachama zikaanza kulitumia 1994. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022, ingawa kwenye meza yangu vitabu vya toleo la 10 bado ndivyo vyenye kurasa zilizochakaa pembeni kwa kufunuliwa kila siku.

Sasa, neno lenyewe. Madaktari wetu huandika faili kwa Kiingereza, lakini mgonjwa huingia hospitalini kwa Kiswahili: barua ya zahanati, maelezo ya ndugu, daftari la mapokezi, na jibu la swali "mzee, unasumbuliwa na nini?" vyote huwa kwa Kiswahili, na pale kwenye mapokezi ndipo msimbo wa kwanza huchaguliwa. Katika Kiswahili cha kila siku, koo ni nyumba yenye wapangaji wengi. Mwenye mafua husema koo linamkereketa. Aliyepotewa na sauti husema koo limekauka. Mwenye tezi iliyovimba mbele ya shingo huitwa mgonjwa wa koo. Mtu ambaye tonge linamkwama katikati ya kifua, chini kabisa ya mahali ambapo daktari yeyote angepaita koo, naye husema chakula kinamkwama kooni. Neno la kitaalamu la njia ya chakula tunalo, nalo ni umio, lakini ni neno la vitabuni. Sijawahi kumsikia mgonjwa akisema umio unamuuma.

Kwa mtu wa misimbo, hao ni wagonjwa wa kurasa tofauti. Saratani ya umio ni C15. Saratani ya zoloto, kwenye kisanduku cha sauti, ni C32. Saratani ya koromeo ambayo sehemu yake haikutajwa ni C14.0. Saratani ya tezi ya shingo ni C73. Magonjwa hayo hayana chanzo kimoja wala tiba moja, na hayatabiriki kwa namna moja. Wa tezi ya shingo mara nyingi ana miaka mingi mbele yake, wa umio aliyefika akiwa hamezi hata uji huwa ana miezi. Ukiwamwaga wote katika kapu moja liitwalo "koo", halafu mtu wa mipango akaja kuhesabu kapu hilo ili aombe mashine au dawa, ataombea watu wasiokuwapo.

Karani aliyempokea mzee wa Bahi alifanya alichoweza. Aliandika "koo" kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta ikamletea orodha, naye akachagua mstari uliofanana zaidi na barua. Ningekuwa mimi, na foleni ile iliyofika hadi kwenye mwarobaini wa nje, huenda ningechagua huohuo.

Tabia yangu ya kuuliza maswali niliipata katika chumba cha endoskopi, yaani cha kumchunguza mgonjwa kwa ndani kwa kamera. Nilikwenda kule asubuhi moja kufuatilia majibu ya mzee huyuhuyu, kwa sababu faili lilikuwa na maneno ya daktari yasemayo "uvimbe kwenye umio" na hakuna zaidi. Daktari, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, alikuwa anakausha ule mpira mweusi wenye kamera.

"Dokta, shikamoo ya kazi," nilimtania. "Huyu mzee wa Bahi, uvimbe wake uko wapi?"

"Mama, si nimeandika? Kwenye umio."

"Umio una urefu wa sentimita ishirini na tano. Uko wapi humo?"

Alicheka, akanionesha mpira wenyewe. Una alama za sentimita zilizochapwa kwa rangi nyeupe kuanzia nchani, kama futi ya fundi cherehani. Mpira ukiwa ndani ya mgonjwa, daktari husoma alama iliyo sawa na meno ya mbele ya juu, na hapo hujua amefika umbali gani. Kwa mtu mzima wa kawaida umio huanzia karibu na sentimita 15 kutoka kwenye meno, na hukutana na tumbo karibu na sentimita 40. Alifumba macho kidogo, akakumbuka. "Ulianza ishirini na nane," akasema. "Niliiona namba, ila sikuiandika."

Namba ile moja ndiyo tofauti kati ya C15.9, yaani saratani ya umio ambayo mahali pake hapakutajwa, na C15.4, yaani theluthi ya kati ya umio. Waandishi wa toleo la 10 walifanya jambo la ajabu katika ukurasa huo, na walikiri wenyewe kwamba walilifanya kwa makusudi: walikigawa kiungo kimoja kwa njia mbili zisizolingana. Ukipenda, unagawa kwa eneo la mwili, yaani shingoni C15.0, kifuani C15.1, na sehemu iliyo chini ya kiwambo C15.2. Ukipenda, unagawa kwa theluthi, yaani ya juu C15.3, ya kati C15.4, ya chini C15.5. Kanuni ya uainishaji wowote ni kwamba kitu kimoja kikae mahali pamoja. Hapa kanuni ilivunjwa kwa sababu madaktari wa nchi mbalimbali walikuwa tayari wanatumia lugha zote mbili, na mipaka ya lugha moja haiangukii juu ya mipaka ya nyingine. Marekani, katika toleo lao walilolifanyia marekebisho, walifuta mgawanyo wa eneo na kubakiza theluthi peke yake. Sisi tunavyo vyote viwili, na ofisini kwetu tulikubaliana kufuata theluthi pale sentimita zinapokuwepo, ili angalau sisi kwa sisi tusipishane.

Sentimita zinapokuwepo. Hapo ndipo kazi ilipo. Uvimbe ulioanzia 23 ukaishia 34 umevuka mipaka, na kama daktari hawezi kusema ulichipukia wapi, una msimbo wake, C15.8. Uvimbe ulio kwenye 39 au 40, pale umio unapoungana na tumbo, huleta ubishi wa kweli: maungio hayo yana msimbo C16.0, ambao uko katika ukurasa wa saratani ya tumbo, kwa hiyo sentimita mbili au tatu zinaweza kumhamisha mtu kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine katika takwimu za nchi. Katika hali hiyo simwekei daktari maneno mdomoni. Namwandikia karatasi ya kumuuliza kitovu cha uvimbe kiko wapi, nasubiri, na faili linabaki juu ya meza yangu hata kama msimamizi ananikumbusha idadi ya mafaili ya mwezi.

Mahali ni nusu ya habari. Nusu nyingine huja ndani ya kichupa cha formalini: kile kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe, ambacho watu wetu hukiita kinyama, na ambacho huenda maabara ya patholojia kusomwa kwa hadubini. Jibu la kinyama ndilo linalosema saratani ni ya aina gani, na kwa aina kuna mfumo wa pili wa misimbo, wa magonjwa ya uvimbe peke yake, ambao hutumiwa na daftari la saratani, yaani orodha maalumu ya wagonjwa wa saratani. Humo skwamasi seli kasinoma, inayotokana na seli bapa zinazofunika ukuta wa umio, ni 8070, na adenokasinoma, inayotokana na seli za tezi, ni 8140. Baada ya mkwaju (/) hufuata tarakimu ya tabia: 0 ni uvimbe usio na madhara ya saratani, 2 ni saratani ambayo bado haijatoka katika tabaka ilimozaliwa, 3 ni saratani iliyokwisha kuvamia. Kwa hiyo mzee wa Bahi, majibu yake yalipokuja, alikuwa C15.4 na 8070/3. Mtu asiyejua ataona namba tu. Anayejua anaona kifua cha mtu na kilichomo.

Aina hizo mbili zisichanganywe, kwa sababu jiografia yake inatuhusu moja kwa moja. Katika nchi kama Marekani na Uingereza adenokasinoma ndiyo iliyotangulia, na huhusishwa na kucheuka tindikali ya tumbo kwa miaka mingi pamoja na unene. Kwetu, katika ukanda wa saratani ya umio unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, skwamasi ndiyo yenye wagonjwa wengi. Ukanda huu una jambo jingine linalowashughulisha watafiti: Bomet, nchini Kenya, wamekuwa wakipatikana wagonjwa wenye umri chini ya miaka 30, umri ambao katika nchi nyingine ugonjwa huu huwa haufikiriwi kabisa. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2022 ni wagonjwa wapya wapatao 511,000 na vifo vipatavyo 445,000. Namba hizo mbili zilivyokaribiana zinaeleza zenyewe jinsi ugonjwa huu unavyogunduliwa ukiwa umekwisha kukomaa. Sasa fikiria mchango wetu sisi katika hesabu hiyo ikiwa nusu ya mafaili yanasema "saratani" bila aina. Yana msimbo, naam: 8000/3, uvimbe wa saratani usiojulikana aina. Binafsi nauchukia msimbo huo kama ninavyochukia kopo la mafuta lililowekwa chumvi.

Daftari la saratani huuliza pia swali ambalo wodini halimjii mtu akilini: mmejuaje? Jibu nalo ni tarakimu. Ukijua kwa cheti cha kifo peke yake ni 0, kwa kumwona na kumsikiliza mgonjwa ni 1, kwa uchunguzi kama picha au endoskopi bila kinyama ni 2, kwa kinyama kilichotoka kwenye uvimbe wenyewe ni 7. Mzee alikaa kwenye 2 kwa wiki saba kwa sababu kinyama kilikuwa kimesafiri na majibu yalikuwa hayajarudi.

Wakati wa kusubiri, je, tuandike nini? Hapa ndipo nilipovunjwa moyo mara mbili, kwa makosa ya pande mbili tofauti. Mara ya kwanza mfuko mmoja wa bima ulirudisha madai ya endoskopi ya mgonjwa mwingine, na sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba kipimo hakiendani na ugonjwa. Nilipofungua fomu nilikuta J02.9, kuvimba na kuuma kwa koromeo kwa ghafla, ugonjwa wa watoto wa shule na dawa ya siku tano. Ni "koo" lilelile la mapokezi. Kwa kweli bima hawakukosea kushangaa. Msimbo wa haki kwa mtu anayeshindwa kumeza na ambaye bado sababu haijajulikana ni R13, shida ya kumeza, na kwa R13 hakuna atakayeuliza kwa nini kamera imeshushwa. Tuliandika upya, tukapeleka, fedha zikachelewa miezi miwili.

Mara ya pili kosa lilielekea upande wa pili. Mama mmoja wa makamo aliandikiwa C15.9 siku ya kwanza kwa kuwa daktari alishuku saratani. Uchunguzi ulipokamilika alikuwa na akalasia, ugonjwa wa mlango wa chini wa umio kushindwa kulegea, ambao msimbo wake ni K22.0 na ambao si saratani. Daktari alimweleza vizuri, akafurahi, akaenda nyumbani. Lakini mfumo ulikuwa unanakili ugonjwa wa ziara iliyopita na kuuweka katika ziara mpya, na hakuna aliyeufuta. Mwezi wa tatu mwanawe anayesoma chuo aliona neno hilo kwenye karatasi ya malipo. Alikuja dirishani kwangu akiwa ameishika kwa vidole viwili. "Dada, mmetuficha?" aliniuliza, na sikuwa na jibu zaidi ya kumwonesha tarehe moja baada ya nyingine kwenye skrini, hadi akaona mwenyewe mahali ambapo ukweli ulibadilika na karatasi haikubadilika.

Kuhusu makazi na umri nitapita haraka, ijapokuwa huniudhi kila wiki. Mgonjwa wa Mpwapwa anayefikia kwa mwanawe Nkuhungu huandikwa mkazi wa Nkuhungu, na hivyo jiji linaonekana kuugua zaidi na vijiji kuugua kidogo. Mzee asiyejua mwaka wake huandikwa 1950 au 1960, namba zinazoishia na sifuri, wakati ukimuuliza alikuwa na ukubwa gani watu walipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, atakuambia alikuwa amekwisha kuoa au alikuwa anachunga ndama, na hapo unapata mwaka ulio karibu zaidi na ukweli.

Nitakaa zaidi kwenye maelezo ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu ndiyo yanayoandikwa vibaya kuliko yote. Katika faili la mzee wa Bahi kulikuwa na mstari huu: havuti sigara, hanywi pombe. Nilizungumza na binti yake siku aliyokuja kuchukua nakala za rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa kuwa fomu ilikuwa na sehemu ya matumizi ya tumbaku. Nikamuuliza kwa namna nyingine: baba anatumia ugoro? "Ugoro ndiyo, tangu sijazaliwa," akasema. "Sigara hajawahi." Mzee hakudanganya na daktari hakuzembea, waliulizana swali lenye neno moja, likajibiwa neno hilohilo. Matumizi ya tumbaku yana msimbo, Z72.0, na haujali kama tumbaku ilipita mdomoni, puani au kwenye kiko.

Chai nayo iko hivyohivyo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vya moto sana, vilivyozidi nyuzi joto 65, katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu, na ni umio ndio uliokusudiwa. Katika mafaili yetu kisanduku cha chai hakipo. Wala kisanduku cha moshi wa kuni, wala cha hali ya meno, ingawa vyote hivyo vimo katika orodha ya mambo yanayochunguzwa katika ukanda huu. Siwalaumu madaktari wenye wagonjwa 60 kwa siku. Nasema tu kwamba kinachoulizwa ndicho kitakachohesabiwa.

Binti yule ndiye aliyenieleza pia habari ya mlenda. Barua ilisema miezi minne, na daktari akaandika miezi minne. Yeye akahesabu kwa vidole kuanzia wakati wa kupalilia uwele hadi baada ya mavuno, na mwanzo wa hesabu yake ulikuwa mbali zaidi. Ugali wa uwele ulipoanza kumkwama, mzee alianza kudai mlenda mwingi zaidi bakulini. Tonge lililovikwa mlenda huteleza, kila Mgogo analijua hilo, na familia ilidhani ni uzee na kupenda kwake. Nyama aliiacha wakadhani ni meno. Ni pale mlenda wenyewe uliposhindwa kulisukuma tonge, akabaki na uji, ndipo walipoanza kuhesabu, na ndiyo ile miezi minne. Nililiandika jambo hilo pembeni ya fomu, kwa penseli, kwa kuwa halina kisanduku. Tangu siku hiyo, nikipata nafasi ya kukaa na ndugu wa mgonjwa asiyemeza, siulizi ameanza lini kushindwa kumeza. Nauliza alianza lini kubadilisha chakula.

Mwisho wa faili nyingi za ugonjwa huu ni cheti cha sababu ya kifo, na hapo ndipo hasira yangu inapokaa, nikiri. Cheti kina mistari iliyopangwa kama ngazi: wa juu ni tatizo lililomuua mtu moja kwa moja, wa chini yake ni lililoleta hilo, na kuendelea hadi chanzo chenyewe. Mgonjwa wa umio anaweza kufa kwa nimonia iliyotokana na chakula kuingia kwenye mapafu, J69.0, nayo ililetwa na saratani ya theluthi ya kati ya umio, C15.4. Chanzo, yaani msimbo utakaohesabiwa na taifa, ni C15.4. Daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo, akiwa zamu saa tisa usiku na maiti inayosubiri gari, huandika "moyo kusimama" halafu anaweka sahihi. Moyo kusimama una msimbo, I46.9, lakini kila aliyekufa moyo wake ulisimama. Ni kama kuulizwa kwa nini gari halikufika ukajibu kwamba lilisimama. Nimewahi kumfuata mmoja wao kantini na cheti mkononi, akaacha chapati yake na kukirekebisha palepale, akinipigia shikamoo mbili badala ya moja.

Mzee wa Bahi hakupata cheti cha namna hiyo. Alipelekwa Dar es Salaam kwa treni ya umeme, akarudi akiwa amewekewa stenti, yaani kibomba cha kuuacha umio wazi, ili apate kumeza maji na uji, akaruhusiwa kwenda kwake kupata huduma shufaa, ile ya kupunguza maumivu. Alifariki nyumbani, kwenye kitanda chake, na kaburi lake halikuhitaji karatasi yoyote ya kwetu. Majibu ya kinyama yalikuwa yamekwisha kufika kabla hajasafiri. Ni mimi niliyefuta C14.0 ya siku ya mapokezi, nikaweka C15.4, nikabadilisha 2 kuwa 7, nikaandika tarehe na jina langu kama utaratibu unavyotaka.

Binti alirudi baadaye, wakati wa mambo ya mirathi, akihitaji nakala ya muhtasari wa matibabu. Aliusimamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akapita juu ya Kiingereza chote hadi akafika kwenye msimbo, kwa kuwa ndio uliokuwa mfupi.

"Dada, hii C na namba hizi ndiyo kansa ya koo?"

"Ndiyo ya njia ya chakula," nikamwambia. "Lakini siyo hapa." Nikagusa shingo yangu. "Ilikuwa hapa." Nikaweka kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa.

Alikiangalia kiganja changu kwa muda. "Pale ndipo alipokuwa anashika," akasema. "Kila akila alikuwa anaweka mkono palepale. Hata siku ile daktari anamuuliza, aliweka."

Nilifunua faili hadi karatasi ya siku ile. Palikuwa pameandikwa: analalamika koo.